Kaburi la Chumba cha Pili

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, sauti ya mtabibu ilikatika katikati ya sentensi katika Chumba cha Pili, na mstari wa Pazi Chaurembo ukapanda.

Dakta Nakijwa Mshana aliuona ukipanda. Alikuwa amesimama nyuma ya kioo, upande wa waangalizi, mikono mgongoni, kama alivyosimama kila mara alipokuja kushuhudia tiba ikishindwa. Kwa miezi mingi mstari ule, uliopima hisia zake kwa mapigo ya moyo, ulilala kwenye skrini kama uzi ulioanguka sakafuni. Watabibu wanne walikuwa wameketi mbele ya Pazi, mmoja baada ya mwingine, wote wamechaguliwa kwa uangalifu, na hakuna aliyeutikisa. Sasa ulijikunja kama mgongo wa paka, ukabaki juu kwa pumzi chache, kisha ukashuka pale pale ulipozoea kulala.

Chumbani, mtabibu wa tano aliendelea kuchezesha midomo bila kusikika. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, jina lake Kalunde Mihambo. Alipogundua kwamba amekatwa alinyamaza, akakunja mikono, akatazama dari kwa uso wa mtu aliyezoea. Mbele yake Pazi alikuwa ameinua kichwa. Hilo nalo lilikuwa jipya. Mkononi alishika kofia ya kiua ya rangi ya kahawia, iliyokuwa ndogo mno kwa kichwa chake, na vidole vyake vilikuwa vimeibana hadi ikakunjamana.

"Mlinzi amemkata," alisema Massawe, fundi wa mitambo, kutoka mezani kwake. "Sababu: kumkashifu marehemu."

"Alisema nini?"

Massawe alirudisha sauti. Kalunde alisikika, sauti kavu, bila haraka: "Huyo mdogo wako, shingo ndefu kama twiga aliyepotea njia, huyo ndiye aliye..." Basi. Hapo ndipo maneno yalipoishia.

"Twiga," Massawe alirudia, akatikisa kichwa. "Kwa mtu aliyefiwa."

Kila chumba cha tiba nchini kilikuwa na Mlinzi. Ulikuwa mtambo uliosikiliza kila neno kabla halijafika sikioni mwa mgonjwa, na neno la dhihaka, la kitisho au la matusi ulilizuia njiani. Moyo wa mgonjwa ukienda mbio kupita kiasi, bandiko lililokuwa shingoni mwake lilimpa dawa ya kumtuliza kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anahitaji kutulizwa. Tangu Mlinzi awekwe, malalamiko dhidi ya watabibu yalikuwa karibu yamekwisha. Nakijwa aliyajua hayo kuliko wengi, kwa sababu ushahidi uliofanya Mlinzi akubaliwe aliukusanya yeye.

"Mtoe Bi Kalunde," alisema. "Na mgonjwa apewe uji."

"Hatakunywa."

"Apewe."

Saa kumi jioni ya siku ile jopo lingekaa. Shauri la Pazi lilikuwa jepesi kwenye karatasi. Alikuwa msimamizi wa zamu katika mtambo wa kuchuja maji ya bahari, kusini mwa jiji. Siku moja alitazama skrini, akaona bomba kuu la kuvutia maji halina mtu, akawasha pampu kama utaratibu unavyotaka. Bombani alikuwamo mdogo wake, Kondo, akisafisha. Bahari haikumrudisha. Tangu siku hiyo Pazi hakupata usingizi wa zaidi ya nusu saa mfululizo, na sasa moyo wake ulikuwa umeanza kuruka mapigo.

Sheria ilisema watabibu watano wakishindwa, mgonjwa anaweza kuliomba jopo ufutaji wa kumbukumbu. Pazi alikuwa ameomba. Ufutaji ulifanya kazi. Karibu wote waliofutiwa walilala usiku ule ule. Ila ufutaji haukujua kuchagua. Haungeweza kukata kifo na kumwacha aliyekufa. Aliyefutiwa ndugu yake alirudi nyumbani akakuta ukutani picha ya mgeni, na watu wa nyumbani wakaelekezwa kuiondoa.

Kilichobaki ni sentensi moja ya mkaguzi: *Ninathibitisha kwamba tiba ya mazungumzo haifanyi kazi kwa mgonjwa huyu.* Nakijwa alikuwa ameitia saini kwa wengine, bila kusita, kwa kuwa kila mara ilikuwa kweli. Leo asubuhi mstari ulikuwa umepanda. Hakuweza kusema kwamba hakuuona.

*

Matokeo ya Kalunde Mihambo yalikuwa aibu ya kituo. Mlinganishi, mfumo uliowaoanisha wagonjwa na watabibu kote nchini, ulimweka mwisho kabisa. Mlinganishi ulitafuta anayefanana na mgonjwa: dini ileile, lafudhi ileile, umri wa karibu, msiba wa aina moja. Watabibu wanne wa kwanza wa Pazi wote walikuwa watu wa pwani, Waislamu, na kila mmoja amewahi kumzika ndugu wa tumbo moja. Kalunde aliletwa kwa kuwa sheria ilidai wa tano, na wengine wote walikuwa na wagonjwa.

Lakini Nakijwa hakuamini wastani wowote kabla hajauona umetawanywa. Aliwatawanya wagonjwa wa Kalunde kwenye skrini, mmoja nukta moja, akaegemea kiti.

Palikuwa na vilima viwili. Upande mmoja walisimama waliopona haraka kuliko wagonjwa wa mtabibu mwingine yeyote kituoni. Upande wa pili walisimama ambao hawakupona kabisa. Katikati hapakuwa na mtu. Mtabibu mbaya hana sura hiyo. Sura hiyo ni ya watabibu wawili waliovaa jina moja.

Alijaribu kuvitenganisha vilima kwa umri, havikutengana. Alijaribu dini, jinsia, aina ya ugonjwa, muda wa ugonjwa. Vilibaki vimechanganyika. Kuna kitu kilichowagawa watu wale, na kitu hicho hakikuwamo katika takwimu.

Nyuma yake Massawe alifungua chombo cha chakula. Harufu ya samaki wa kukaanga ikajaa chumba.

"Karibu, Daktari. Au harufu imekutosha? Nyie Wapare si mnamning'iniza samaki darini, mnakula ugali mkimtazama? Mwaka mzima samaki mmoja."

"Na wewe ukifa, Massawe," alisema Nakijwa, macho yake kwenye skrini, "nitadondosha sarafu karibu na sikio lako kabla hawajakuzika. Mchaga asipogeuka, hapo ndipo nitasaini cheti."

Massawe alicheka hadi akapaliwa. "Mtani, utaniua kabla ya siku!"

Nakijwa aliinua mkono kugusa nukta moja kwenye skrini, na mkono ukabaki hewani.

Maneno yale mawili, kama yangesemwa katika Chumba cha Pili, Mlinzi angeyakata yote mawili. Alikuwa amemwambia mtu mzima kwamba atakufa na kwamba maiti yake itapimwa kwa sarafu. Na mtu huyo alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, mwepesi kuliko alivyokuwa dakika moja iliyopita.

Alifungua majina. Kama mkaguzi alikuwa na ruhusa hiyo, ingawa hakuwahi kuitumia kwa jambo kama hili. Katika kilima cha waliopona aliwakuta akina Mwinyimkuu, Mwinshehe, Ndahani, Mazengo. Katika kilima cha pili akina Mwakalinga, Shirima, Rwegoshora. Wazaramo na Wagogo upande huu. Upande ule watu wa Mbeya, wa Kilimanjaro, wa Bukoba. Na Mihambo lilikuwa jina la Tabora, la Kinyamwezi, na Chaurembo la Kizaramo.

Kabila la mtu halikuandikwa katika takwimu yoyote ya nchi ile, na hiyo ilikuwa sheria nzuri. Lakini kisichoandikwa hakihesabiwi. Mlinganishi haukujua kwamba Mnyamwezi na Mzaramo wana ruhusa wasiyokuwa nayo watu wengine, ruhusa ya kuchokozana hadi msibani, tena msibani zaidi ya kwingine. Kwa waliopona, huenda vijembe vidogo vilivyompenya Mlinzi vilitosha.

Majina si ushahidi, alijikumbusha. Watu huoana, majina huhama. Lilikuwa kisio tu. Lakini lilikuwa kisio linaloweza kupimwa, na mgonjwa wa kulipima alikuwa mmoja, na muda wake ulikuwa unaisha saa kumi.

*

Kalunde alikuwa barazani anakunywa chai, viatu amevivua, miguu imeegemezwa kwenye ukingo. Chini yao vilima vya Pugu vilishuka hadi kwenye paa za jiji zilizometameta kwa mabamba ya jua.

"Umekuja kunifukuza, Daktari? Acha nimalize chai."

"Nimekuja kuuliza. Sentensi yako ingeishia wapi?"

Kalunde alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ripoti ya ajali umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Kitambulisho cha Kondo kilikutwa wapi?"

"Kwenye msumari, katika chumba cha kubadilishia nguo." Kitambulisho ndicho kilichoiambia skrini kwamba bombani mna mtu. Bila hicho, mtu na maji vilikuwa kitu kimoja.

"Kwa nini alikivua?"

"Haikuandikwa."

"Haikuandikwa kwa sababu ya adabu. Kijana alikuwa na mkufu mpya, na kitambulisho kilikuwa kinaukalia juu. Wafanyakazi wenzake wote wanajua. Mama yake anajua. Nimewauliza." Kalunde aliweka kikombe chini. "Watabibu wanne wamemwambia Pazi, 'Si kosa lako.' Anajua si kosa lake! Mtambo wenyewe umemwambia. Anachotaka kusikia ni kosa la nani. Na mwenye kosa amekufa, na marehemu hasemwi vibaya. Kwa hiyo hasira yake haina pa kwenda. Inazunguka humo humo ndani, inamla."

"Na wewe unaruhusiwa kumsema."

"Mimi ni mtani wake. Mzaramo akifiwa sisi tunaingia kaburini kabla ya maiti. Tunalala humo, tunakataa kutoka mpaka tupewe chetu. Tunamtukana marehemu mbele ya mama yake, na mama anacheka huku analia. Ndipo anazikwa. Kondo hakuzikwa. Walisoma dua, wakala wali, wakatawanyika. Hapakuwa na shimo, basi hapakuwa na mtani."

Nakijwa alikumbuka jina moja la kilima cha pili. "Rwegoshora naye ulimtukana."

Uso wa Kalunde ulibadilika. Mlinzi aliwahi kuharibika siku moja, umeme ulipoyumba, na siku hiyo mgonjwa aitwaye Rwegoshora alivunja dirisha kwa ngumi. Mkono wake wa kulia haukuweza kukunja ngumi tena.

"Sijamsahau," alisema taratibu. "Niliona dawa inafanya kazi, nikadhani dawa ni maneno. Dawa si maneno, Daktari. Dawa ni nani anayeyasema. Yule mimi sikuwa mtu wa kumwambia. Nilikuwa mgeni tu anayemtukana mtu mgonjwa."

"Nikizima Mlinzi, nitazima na bandiko. Ni mtambo mmoja. Moyo wa Pazi ukishindwa, hakuna cha kuushika."

"Najua."

"Na lazima nimweleze kitakachotokea. Aridhie."

"Ukimweleza, umekiua. Kitakuwa kichekesho cha kulipia kiingilio. Hakuna mtani anayebisha hodi."

"Bila ridhaa ni ukatili."

"Ridhaa ilishatolewa. Mababu zao na zetu waliitoa kwenye njia ya Tabora na Bagamoyo."

"Mababu hawasaini kwa niaba ya mgonjwa wangu, Bi Kalunde."

"Basi nenda kamsainie wewe," alisema Kalunde, akachukua kikombe chake. "Mfute mdogo wake. Mkishamaliza, nani atamwambia mama yao kwamba sasa ana mtoto mmoja, na kwamba huyo aliyebaki hajui kama kulikuwa na mwingine?"

Nakijwa alisimama. Alitaka kupata hoja iliyopimwa, namba, chochote. Alichopata ni swali.

"Una uhakika gani?"

"Sina," alisema Kalunde. "Wewe unao?"

*

Pazi hakuwa amegusa uji. Ulikuwa umefanya utando juu.

Nakijwa aliketi mbele yake, si nyuma ya kioo. Kwa karibu mtu huyu alikuwa na macho mekundu yaliyoingia ndani na ndevu zilizonyolewa na mkono wa mtu mwingine. Ile kofia ilikuwa gotini.

"Kaka Pazi, kabla ya jopo nataka ukae tena na Bi Kalunde. Safari hii Mlinzi hatakuwepo. Bandiko halitatoa dawa. Moyo wako hauko salama na mimi siwezi kukuhakikishia chochote. Mlango utakuwa wazi. Ukitaka kutoka, unatoka, na hakuna atakayekuuliza."

"Sawa."

"Hutaki kujua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu asubuhi mstari wako ulipanda."

"Sawa."

Alilisema kwa sauti ileile aliyojibia kila kitu. Nakijwa alikuwa amesikiliza rekodi ya siku aliyoomba ufutaji. Walimweleza kwa kirefu atakachopoteza, wakamuuliza kama ameelewa na kama ameridhia, naye alijibu neno hilo hilo. Sheria ililihesabu kuwa ni ridhaa. Nakijwa naye alikuwa amelihesabu hivyo, asubuhi ya leo, kabla ya saa tatu na dakika kumi.

Alikuwa amemwambia ukweli, lakini si wote. Bado kulikuwa na nafasi ya kumwambia uliobaki: kwamba mwanamke yule ataingia amtukane mdogo wake aliyekufa. Alifungua kinywa. Badala yake lilitoka swali, na hata yeye hakujua kama alikuwa anampima mgonjwa au anamuonya.

"Msibani kwenu, watani walikuja?"

Pazi aliigeuza kofia gotini.

"Hapakuwa na kaburi, Daktari," alisema. "Waje wafanye nini?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema chumbani humo. Nakijwa aliinuka, akamwita Massawe, akamwambia azime.

"Azimwe nani?"

"Mlinzi."

Massawe alitoka mezani kabisa. "Daktari, hiyo ni leseni yako."

"Najua ni yangu. Zima. Weka kidole kwenye swichi, nikikwambia uwashe, washa."

*

Kalunde hakubisha hodi. Aliingia Chumba cha Pili bila salamu, akaacha viatu mlangoni, akasukuma kiti chake pembeni kwa goti. Kisha akajishusha sakafuni, kwa taabu, mkono mmoja ukishika meza, akalala chali katikati ya chumba, miguu imenyooka.

Pazi alimtazama. "Unafanya nini?"

"Nimeingia."

"Umeingia wapi?"

"Kaburini. Nimesikia mwenyewe hakuja, nikaona shimo lisikae bure." Kalunde alipapasa sakafu kulia na kushoto. "Jembamba! Wazaramo bwana. Mmeuza Dar es Salaam yote, kiwanja kimoja baada ya kingine, mkaila kwenye ngoma za mwali, mkasahau kubakiza hata futi sita za kumlaza Kondo."

Nyuma ya kioo mstari ulianza kupanda. Haukuruka kama asubuhi. Ulipanda polepole, kama maji yanavyopanda kisimani.

"Lakini hata mngebakiza, angetosha? Shingo ile! Ingebidi mumkunje kama kamba. Twiga yule." Kalunde alikuwa anasema na dari. "Tena twiga wa mkufu. Twiga bwana harusi. Anakwenda kusugua bomba, kazi ya matope na kome, yeye anasimama kwanza kwenye kioo. Kitambulisho kinauficha mkufu. Akakivua! Akakitundika msumarini kama koti, akaingia baharini anang'aa. Nani wa kumuona mle? Changu? Pweza?"

Mstari uligusa mpaka mwekundu, ukavuka.

"Narudisha," alisema Massawe.

"Ngoja."

"Daktari, moyo umeruka. Tazama. Umeruka tena."

Nakijwa aliuona. Alikuwa akitafuta jambo moja la kusimamia, jambo linaloonekana, na alijua kwamba akilikosa lazima aseme *washa*. Pazi alikuwa amesimama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kofia, wa kulia ulikuwa umeshika mshikio wa jagi la maji, jagi zito la kioo. Kati ya jagi na kichwa cha Kalunde palikuwa na hatua moja. Na mlango, nyuma yake, ulikuwa wazi.

"Mlango," alisema Nakijwa. "Uko wazi, naye hautazami. Hataki kutoka."

"Anataka kuua!"

"Ngoja, Massawe."

Kalunde aliona jagi. Hakusogea. "Na wewe," alisema, sasa akimtazama Pazi machoni, sauti imeshuka, "wewe ulifanya kila kitu sawasawa. Ukatazama, ukasubiri, ukabonyeza. Mdogo wako akakuuzia kifo chake kwa sababu ya mkufu, akakuachia ukibebe. Hata sisi wapagazi hatukubali mzigo wa namna hiyo bila kuangalia ndani."

Jagi liliinuka. Kidole cha Massawe kiliigusa swichi. Nakijwa alikishika kidole kile, akakibana, na mstari ukapiga ukingo wa juu wa skrini.

Pazi alimwaga maji. Aliyamwaga bila haraka, kuanzia usoni mwa Kalunde, akashuka kifuani, hadi miguuni, mpaka tone la mwisho. Kisha akaliweka jagi mezani, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Toka humo," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu. "Toka, mpagazi wewe. Mlibeba pembe za watu vichwani kutoka Tabora hadi pwani. Hamkutosheka? Mnataka kubeba na makaburi?"

"Sitoki bure," alisema Kalunde, maji yakimtiririka masikioni.

Pazi alivua ndala, akamrushia. Ilimgonga begani.

"Ndala? Tena ya kushoto? Kaburi la mtu mzima linakombolewa kwa ndala ya kushoto? Rudisha, mimi nalala. Humu kuna baridi nzuri."

Kitu kilitoka kifuani mwa Pazi, kikavu na kifupi. Nyuma ya kioo hawakujua kama ni kikohozi. Kilitoka tena, na safari hii kilikuwa kicheko, na mwisho wa kicheko kile sauti ilivunjika.

"Nilimwambia," alisema. "Mama alimwambia. Kila siku nilimwambia, Kondo, hicho kitu usikivue. Ananijibu, kaka, wewe umezeeka. Mjinga. Mjinga yule!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Mkufu wenyewe wa bati! Umeniacha na mama, umeniacha na maji, kila nikifungua bomba nakusikia wewe. Kwa ajili ya bati!"

Alilia kwa kelele, amesimama, mikono imelegea. Kalunde hakumwambia pole. Alilala pale pale katika maji kwa muda mrefu, na mstari ukashuka kutoka ukingoni, ukavuka mpaka mwekundu kwenda chini. Hapakuwa na dawa iliyoushusha.

Machozi yalipopungua, Pazi alitazama kofia mkononi mwake. Aliikunjua, akaunyoosha mkunjo mmoja kwa kidole gumba. Kisha akainama, akaiweka juu ya tumbo la Kalunde.

"Ni yake," alisema. "Haya. Toka."

Kalunde aliichukua, akaigeuza, akaitazama ndani. "Hii inatosha," alisema. Akanyoosha mkono, na Pazi akamvuta hadi akasimama.

*

Saa kumi kamili sauti ya jopo ilisikika kwenye kipaza sauti cha Chumba cha Pili. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole na iliyozoezwa.

"Ndugu Pazi Chaurembo. Kwa sauti yako mwenyewe, taja jina la unayeomba afutwe."

Nakijwa alikuwa mezani kwa Massawe. Mbele yake ilikuwa sentensi ya mkaguzi, na chini yake nafasi ya saini. Aliandika: *Sithibitishi. Tiba ilionekana kumgusa mgonjwa mara mbili leo. Kama itadumu, haijulikani.* Alisoma alichoandika, akaongeza: *Mgonjwa hakuelezwa yote kabla ya kikao cha pili. Mlinzi alizimwa kwa amri yangu.* Kisha akatia saini, akatuma.

"Ndugu Pazi Chaurembo," jopo lilirudia. "Taja jina."

Massawe alimsogelea, akanong'ona kwamba huenda bandiko lilitoa dawa. Nakijwa alilikagua kwenye skrini, kisha akaingia chumbani akalikagua kwa macho. Lilikuwa limejaa. Halikuwa limetoa hata tone.

Sakafu ilikuwa bado na maji. Pazi alikuwa kwenye kiti, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi.

Jopo liliuliza mara ya tatu. Kilichojibu kwenye kipaza sauti kilikuwa mkoromo.

Saa kumi na dakika nne, kikao kilifungwa bila jina kutajwa.